Surf A340F inateleza kuingia gia ya tatu, rivasi inachelewa: nifungue gia boksi mwenyewe au nitafute used?

Surf_Kihonda

Wakuu habari zenu. Gari ni Hilux Surf ya 1998, injini 5VZ-FE, gia boksi otomatiki A340F yenye transfa (inayogawa nguvu matairi ya mbele na ya nyuma). Ikiwa baridi haina neno. Ikishapata joto, inapotoka gia ya pili kwenda ya tatu RPM zinapanda kama 500 hivi kabla gia haijashika. Nikiweka R inachukua sekunde mbili hadi tatu, kisha inaingia kwa kishindo. Gia ya kwanza na ya pili zinavuta vizuri. Oili imekuwa ya kahawia na inanuka kuungua kidogo, ila kiwango kwenye dipstiki kiko sawa. Taa ya O/D OFF (ya ovadraivu, yaani gia ya nne) haipepesi.

Vifaa: kompresa, jeki mbili, stendi nne, spana ya toki, fila geji, na banda lenye sakafu ya saruji. Injini nafungua, gia boksi otomatiki bado. Nataka kujua: hii ni kazi ya mtu kufanya nyumbani akiwa na kitabu cha ufundi, au ni bora kununua used ya Japani nikabadilisha nzima? Na kama ni kufungua, wapi hasa watu wanaharibu?

Mzee_wa_Spana

Mkuu, swali la used au kufungua liweke kando kwanza. Dalili zako mbili zina kitu kinachoziunganisha, kifuate hicho kabla hujagusa boliti yoyote ya kushusha gia boksi.

A340 ina klachi tatu (C0, C1, C2), breki nne (B0 mpaka B3) na klachi tatu za upande mmoja, zinazozunguka upande mmoja tu (F0, F1, F2). Gia ya kwanza na ya pili zinaendeshwa na C0 na C1, wakati huo C2 imekaa tu. C2 inaanza kazi gia ya tatu, inaendelea nayo gia ya nne, na inatumika tena kwenye rivasi ikiwa pamoja na B3. Sasa gari inayovuta vizuri 1 na 2, ikateleza kuingia 3 na kuchelewa R, inakuonyesha C2 au njia ya oili inayoilisha C2. Ili kuiondoa B3 kwenye lawama, tafuta mteremko, weka L, achia mafuta. Injini ikiizuia gari ujue B3 inashika.

Kuna mshukiwa mwingine lakini. Rivasi inahitaji presha kubwa ya oili kuliko D, kwa hiyo presha ya laini (presha kuu ya oili ya gia boksi) ikishuka kwa jumla, R ndiyo hulalamika mapema. Hapo huna ugonjwa wa C2 peke yake, una filta iliyoziba, pampu iliyochoka au kebo ya throto iliyolegea. Hiyo kebo watu wanaidharau sana. Kwenye A340 za umri huo ndiyo inayoipa gia boksi habari ya mguu wako: ukikanyaga zaidi, kebo inavuta, presha inapanda, plate (sahani za klachi) zinabanwa kwa nguvu zaidi. Ikilegea, injini inavuta kwa nguvu zote huku plate zimebanwa kinyonge, zinateleza na kuungua. Mtu mmoja akanyage pedali mpaka mwisho, wewe uangalie nafasi kati ya uso wa buti ya raba na kile kizuizi kidogo kwenye waya. Inatakiwa iwe milimita 0 hadi 1. Ikizidi hapo, rekebisha kisha jaribu gari upya.

Halafu vipimo vya kawaida vya Toyota, oili ikiwa kati ya nyuzi 50 na 80 za joto.

Cha muda: breki ya mkono juu, injini taratibu, toa N weka D, hesabu kwa saa ya simu mpaka usikie mtikisiko. Isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi 1.5. Rudia mara tatu, acha dakika moja katikati, chukua wastani. Wewe tayari R umeshafeli, ila nataka ujue D inatoa ngapi.

Cha stoli: weka magogo matairi yote manne, breki ya mkono, breki ya mguu mpaka chini kwa mguu wa kushoto, weka D, kanyaga mafuta mpaka mwisho na usome RPM. Usizidishe sekunde 5, oili inachemka haraka ajabu. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Acha ipoe kidogo, kisha fanya R. Linganisha na kiwango cha kitabu cha injini yako. RPM zikiwa juu D na R zote, presha ya laini ni ndogo. Zikiwa juu D peke yake, tazama C1, F0 au F2. Juu R peke yake ni C2 au B3, na B3 ulishaipima mteremkoni. Zikiwa chini kote kuwili, gia boksi haina kosa hapo, injini ndiyo haina nguvu au klachi ya upande mmoja ya steta, ndani ya konveta (chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi), inateleza.

Kama una geji ya presha, tundu la kupimia liko ubavuni mwa gia boksi. Tumia geji inayofika angalau 300 psi, ya matairi itapasuka ukiwa R.

Umeme nao upimwe hata kama taa haipepesi, maana namba ya kosa 64, ya solenoidi (vali ya umeme) ya lokapu (klachi inayofunga konveta), inaweza kukaa kwenye kumbukumbu bila taa kusema lolote. Kwenye kisanduku cha diagnosis chini ya boneti unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ya ufunguo ON bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kikiwa kimewashwa. Taa ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. 62 na 63 ni solenoidi za gia, 42 na 61 ni sensa za spidi. Solenoidi ya aina hii ikipimwa kwa mita hutoa ohm 11 hadi 15.

Na kuna kipimo ambacho hakina gharama hata shilingi: chomoa soketi ya solenoidi, endesha gari polepole. Bila umeme A340 inakupa gia ya 1 ukiwa L, ya 3 ukiwa 2, ya 4 ukiwa D. Ukiweka 2 gari ikiwa moto na ikateleza, kompyuta na solenoidi hazimo kwenye kesi tena.

Kilindini4x4

Naongezea kwa upande wa mfuko, kwa sababu hesabu hii watu huifanya nusu.

Gia boksi ikishashushwa, kazi ya kushusha na kurudisha ni ileile uweke used au utengeneze yako. Kinachotofautiana ni kilicho katikati. Used inakuja na konveta yake na unaiweka siku hiyohiyo. Kutengeneza kunataka kiti ya gasketi na sili, plate za friksheni, mara nyingi na plate za chuma, filta, konveta iliyotengenezwa upya, na oili. A340F tupu pamoja na konveta inameza karibu lita 10. Weka lita nyingine kadhaa za kusafisha njia za kupozea. Ukijumlisha vyote hivyo na konveta, unaweza kujikuta umeikaribia au umeipita bei ya used. Mtu anayekuambia "kiti ni rahisi" anaongelea ile ya gasketi na sili tu, haina plate hata moja.

Upande wa pili: used ya gari ya 1998 ina mipira ya 1998. Imekaa stoo, imekauka, ikaja na meli. Yaweza kuwa nzima, yaweza kuwa na ugonjwa huohuo unaoukimbia. Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani (Dar), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala) usiinunue ikiwa imefungwa. Mwambie muuzaji sampo (trei ya oili chini ya gia boksi) lifunguliwe mbele yako. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni bushi au washa, vijisindano vya chuma ni beringi, unga mweusi mwingi ni plate zilizoungua. Nusa. Ingiza kidole kwenye bomba la kupozea uangalie rangi ya oili iliyobaki: ikiwa ya waridi na nzito kama uji, maji ya rejeta yaliingia na gundi ya friksheni imeshaanza kuachia. Iache hapohapo hata wakikupa bure.

Hakikisha namba. Gia boksi ya Surf au Prado yenye 1KZ-TE kwa nje inafanana sana na yako, ila kengele ya mbele (kasha linalofungwa kwenye injini) na konveta ni za dizeli. Hesabu pini za soketi ya umeme, tazama kama ina kebo ya throto, hesabu meno ya shafti. Zile za baadaye zinazotumia oili ya T-IV zina solenoidi nyingine, kompyuta yako haitazielewa.

Msimamo wangu: ukikuta chuma kwenye sampo, chukua used nzuri. Sehemu ngumu zikishaumia, bei ya kutengeneza haina mwisho.

Bolti10

Hapo kwenye chuma nakubaliana na Kilindini. Ila dalili alizotoa Surf_Kihonda, baridi nzima na moto mbovu, ni picha ya raba iliyokakamaa. Oili ikiwa baridi ni nzito, inavumilia kupita kwenye sili mbovu. Ikipata joto inakuwa nyepesi, inavujia ndani, pistoni haibanwi vya kutosha. Huo ni ugonjwa wa vitu laini, na vitu laini ndivyo mtu mwenye kitabu anavyoweza kuvibadilisha.

Kabla ya kushusha, fungua sampo na vali bodi (bamba la vali zinazogawa oili) gari ikiwa juu ya stendi. Boliti za vali bodi ni kichwa cha 10, zina urefu tofauti. Chukua karatasi ngumu ya boksi, chora umbo la vali bodi, kila boliti itobolee mahali ilipotoka. Boliti ndefu ikiingia tundu fupi inapasua kasha, na kasha halina spea. Vali bodi yenyewe usiigawe vipande viwili kama huna sababu. Ndani yake kuna mipira midogo na springi, wengi wanaofungua "wasafishe tu" ndio wanaoanza tatizo jipya.

Vali bodi ikishuka utaona akumuleta nne: pistoni na springi za C0, C2, B0 na B2. Kazi yake ni kulainisha gia inapoingia. Hapa ndipo Surf_Kihonda anaweza kupata bahati, kwa sababu o-ringi za pistoni ya akumuleta ya C2 zikikakamaa, oili iliyotakiwa kubana C2 inapotelea pale, na dalili ni hiyohiyo ya RPM kupanda kati ya 2 na 3. Funika pistoni kwa kitambaa, puliza upepo kidogo kwenye tundu lake, itatoka. O-ringi nzima ni ya duara na inanyumbuka. Ikiwa imekuwa bapa kama mkanda na ukiibonyeza kwa ukucha alama inabaki, imekufa. Piga picha ya kila springi na pistoni yake, hazifanani, ukizichanganya gia zitagonga.

Kisha jaribu C2 yenyewe kwa upepo. Kitabu kinaonyesha tundu lipi kwenye kasha ni la klachi ipi. Tumia bunduki ya upepo yenye ncha ya raba, presha kama 60 psi, gia boksi ikiwa bado vuguvugu kwa sababu sili iliyokakamaa ikiwa baridi inaweza kukudanganya. Klachi nzima inatoa mlio mmoja mzito, "dup", na upepo unakaa. Klachi inayovuja inatoa "shiii" na mlio hafifu au hakuna kabisa. Ukipuliza ukaona pistoni ya akumuleta inasogea, umekosea tundu. Zipulize zote saba, C0, C1, C2, B0, B1, B2, B3, ulinganishe milio.

C2 ikikaa kimya na nyingine zikilia, basi imeshakuwa kazi ya kushusha. Pamoja na transfa inazidi kilo 100. Jeki ya kawaida ya gari haifai hata kidogo, tafuta ya gia boksi au tengeneza kitako kipana chenye mkanda. Boliti za konveta kwenye flekspleti (bamba la injini linalozungusha konveta) zifunguliwe kwanza kupitia tundu la chini, konveta itoke pamoja na gia boksi. Ikibaki kwenye injini, sili ya pampu inachanika na wakati wa kurudisha unaweza kuvunja pampu.

Kwa mpangilio wa A340, C2 haipo mbali. Inatoka kengele ya mbele, pampu ya oili kwa kivutio chake, sayari ya ovadraivu ikiwa na C0, kasha la ovadraivu lenye B0, kisha C1 na C2 zinatoka pamoja. Hapo utashawishika kusema sehemu ya nyuma iko sawa niifunge hivyohivyo. Usifanye. B3 iko nyuma kabisa, raba zake zina umri uleule, na ukirudisha bila kuzigusa utashusha tena kilo 100 kwa ajili ya o-ringi mbili.

Sasa pa kuharibia.

Usafi. Matambara ya pamba yanaacha nyuzi, nyuzi inakwama kwenye vali. Tumia karatasi isiyoacha manyoya au upepo. Banda lenye vumbi la saruji linatakiwa limwagiwe maji na meza ifunikwe. Mimi ningeweka kila kundi kwenye trei yake kwa mpangilio wa kutoka, mbele kwenda nyuma.

Washa na beringi bapa. Zinanata upande wowote kwa oili, zinadondoka bila wewe kuona. Kila ukitoa kipande tazama pande zote mbili, piga picha. Wakati wa kurudisha zishikize kwa vaselini. Grisi haiyeyuki kwenye oili ya gia, itaziba vitundu.

Plate. Friksheni za Toyota zina namba zilizochapwa juu yake. Namba zikifutika hata sehemu, au rangi ikibadilika, au utando ukibanduka, badilisha seti nzima ya klachi hiyo. Mpya ziloweke kwenye oili ya gia saa mbili kabla ya kuzipanga. Za chuma zenye madoa ya bluu zimeshapinda, zitupe. Hesabu idadi ya plate kwenye kila ngoma kabla ya kununua, kwa sababu A340 za injini tofauti hazina idadi sawa, na kiti huagizwa kwa namba ya gia boksi, jina la gari peke yake halitoshi.

Nafasi ya klachi. Hapa ndipo fundi wa kubahatisha anaachana na fundi. Ukishafunga ngoma na saklipu yake, weka geji ya saa juu ya plate, puliza upepo, soma pistoni imesafiri kiasi gani, linganisha na kitabu. Ikizidi, chagua flenji nene zaidi. Ikipungua, klachi haiachii kabisa na itaungua bila hata kutumika. Bila geji ya saa usianze.

Pampu. Pima gia zake kwa fila geji. Kati ya gia kubwa na kasha 0.07 hadi 0.15 mm, isizidi 0.3. Kati ya ncha za meno na mwezi wa katikati 0.11 hadi 0.14, isizidi 0.3. Upande wa juu, kwa rula iliyonyooka, 0.02 hadi 0.05, isizidi 0.1. Pampu iliyopita hapo haitoi presha ya kutosha oili ikiwa moto, na hakuna plate mpya itakayokuokoa.

Klachi za upande mmoja. F0 ukishika ngoma ya ovadraivu na kuzungusha shafti ya kuingilia, inazunguka huru kwa mwendo wa saa na inagoma kinyume chake. Ikigeuzwa wakati wa kufunga, gari haitasogea. F1 na F2 zina maelekezo yake, zijaribu kwa mkono kabla ya kuzifunika.

Kifaa kimoja ambacho huwezi kukikwepa ni cha kukandamiza springi za ngoma ili utoe saklipu. Unaweza kutengeneza kwa uzi wa boliti ndefu, nati na bomba lililokatwa dirisha. B3 inataka chake kirefu kwa sababu iko ndani ya kasha. Wengine wanatumia klempu ya G na kipande cha chuma, saklipu ikiruka inakata jicho. Vaa miwani.

Surf_Kihonda

Shukrani sana wakuu. Nimepima leo jioni ikiwa moto. Kebo iko ndani ya milimita 1. N kwenda D sekunde 0.9. N kwenda R 2.6. Stoli ya D iko ndani ya kiwango cha kitabu, ya R iko juu kwa zaidi ya 400. L mteremkoni injini inazuia gari vizuri. TE1 na E1 inapepesa mfululizo, hakuna namba. Nikichomoa soketi, 2 inateleza palepale.

Sampo nitafungua keshokutwa. Maswali mawili yamebaki. O-ringi za akumuleta naweza kununua za mtaani zinazolingana kipimo? Na konveta, lazima?

Mzee_wa_Spana

Majibu yako yamekaa vizuri. Umeme nje, B3 nje, presha ya D haina shida. Ni C2 au akumuleta yake.

O-ringi za mtaani: hapana. Nyingi ni za maji au dizeli ya kawaida. Oili ya gia kwenye nyuzi 100 inazifanya zivimbe au zikakamae. Nunua kiti ya gasketi na sili ya A340F, humo zimo za akumuleta zote, za pistoni za klachi na sili ya mbele na ya nyuma. Ukimaliza kwa akumuleta peke yake, zinazobaki zitunze mahali pakavu, utazihitaji siku ya kushusha.

Ukifunga akumuleta na kurudisha vali bodi, vitu viwili vinasahaulika. Vali ya mkono lazima iingie kwenye pini ya mkono wa gia, ikikosa, lever ya gia itasogea na hakuna kitakachotokea. Na ncha ya kebo ya throto iingie kwenye kamu yake. Boliti za vali bodi kaza kwa 10 N·m, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Za sampo ni karibu 7 tu, ukikaza kwa hasira sampo linapinda na kuvuja. Kama unatumia silikoni weka uzi mwembamba, ziada yote huingia ndani na kwenda kukaa kwenye filta.

Bolti10

Konveta inategemea kilicho kwenye sampo. Ukikuta unga mweusi wa kawaida na plate za C2 zimechakaa bila kuwa mkaa, konveta inaweza kubaki: imwage, tia oili safi nusu, itikise, mwaga, rudia mpaka itoke safi. Ukikuta C2 imeungua mpaka chuma, au kuna chembe za chuma, uchafu umeshaingia ndani ya konveta na hakuna njia ya kuusafisha bila kuikata. Itafutwe karakana yenye lathe inayokata, kubadilisha utando wa lokapu, kuchomea na kubalansi, au ununue iliyokwisha tengenezwa. Kuirudisha ilivyo ni kumwagia gia boksi mpya uchafu wa zamani dakika ya kwanza ya kuwasha.

Njia ya kupozea vilevile. Ndani ya tanki la chini la rejeta kuna kipozeo cha oili, mchanga wa friksheni unalala humo. Pitisha dawa ya kusafishia pande zote mbili, kisha upepo usiozidi 2 kg/cm², zaidi ya hapo unaweza kupasua kuta zake na kuunganisha oili na maji. Rejeta ikiwa ya zamani na kutu, ningeongeza kipozeo cha nje na kuachana na cha ndani kabisa. Morogoro kuna joto, si kama Njombe kwenye baridi, oili haitakuwa baridi kupita kiasi.

Siku ya kurudisha konveta: itie oili kwanza, izungushe huku unaisukuma. Inaingia kwa hatua tatu, meno ya tabaini, ya steta, halafu ya pampu. Weka rula juu ya uso wa kengele, pima kwa vernia kina mpaka kwenye vikalio vya boliti, ulinganishe na ulichopima kabla ya kuitoa. Ikiwa imepungua hata milimita chache haijaingia kwenye pampu. Ukitumia boliti za kengele kuivuta kuelekea injini, gia ya pampu inavunjika na kazi yote inaanza upya. Gia boksi ikishakaa, kabla ya kufunga boliti za flekspleti, konveta lazima izunguke huru kwa mkono.

Kujaza: anza na lita 5 au 6 kabla ya kuwasha, washa, ongeza polepole huku unapitisha gia zote P mpaka L na kurudi. Kiwango cha mwisho kinasomwa oili ikiwa nyuzi 70 hadi 80, injini ikiwa inawaka, lever P. Oili ni ya Dexron, usiweke T-IV kwa sababu tu ni mpya zaidi.

Kilindini4x4

Kwa majibu hayo nabadilisha neno langu. Kama sampo halina chuma, usinunue used, na usishushe chochote mpaka akumuleta zijibu.

Kwa wanaosoma wakiwa na magari mengine, msibebe ushauri huu mzimamzima. RAV4 za 2001 hadi 2003 zinazogonga gia, wengi wamefungua gia boksi kumbe kosa ni kompyuta ya injini. Toyota Marekani yenyewe ililitambua hilo na kurefusha dhamana ya kompyuta hizo. Na gari ya CVT, iwe Nissan au Toyota, si ya kufungua nyumbani: mkanda wa chuma na pulii zake zikishachubuka hakuna kiti ya kuzirudisha, hapo used au fundi wa CVT.

Surf_Kihonda

Nimeelewa. Kiti ya A340F nimeshaulizia, nitaagiza kwa namba ya kibati. Swali dogo la mwisho: nikifunga akumuleta na C2 ikatoa "dup" nzuri, niendeshe kiasi gani kabla ya kuamini?

Mzee_wa_Spana

Rudia kipimo cha muda cha R siku hiyohiyo ikiwa moto kabisa, baada ya mwendo wa nusu saa wenye mlima. Ikiwa chini ya 1.5 na RPM hazipandi kati ya 2 na 3, mwaga oili baada ya kilomita 1,000, inatoka kama lita 2 tu za sampo, na utazame sumaku tena. Kisha rudia kumwaga mara mbili kwa umbali uleule ili uchafu uliobaki kwenye konveta upungue. R ikianza kurudi kwenye sekunde 2, plate za C2 zenyewe zimeshaliwa. Usiendelee kuiendesha ukisubiri mwisho wa mwezi, maana plate zikifika chuma zinapeleka chembe kwenye konveta na kazi inaongezeka gharama ya konveta.